Je, Pipa Laweza Kuimba?

Majuma machache kabla ya Noeli, kijana mmoja fundi wa kulehemu alikuja kwenye mazoezi ya kwaya yetu hapa Lubumbashi, amebeba begani kipande cha pipa la mafuta. Alikuwa amelikata pipa hilo, akakipiga kitako chake kwa nyundo hata kikaingia ndani mfano wa bakuli, na ndani ya bakuli hilo alikuwa amechora kwa chaki mafungu saba. Aliliweka juu ya viti viwili, akatoa vijiti vilivyofungwa mpira wa baiskeli kwenye ncha, akatuambia kwa adabu: “Wababa na wamama, nimejaribu. Naomba munisikilize kidogo tu.”

Hatukumsikiliza hata mwisho. Mmoja wetu alisema, “Mwanangu, pipa ni la mafuta.” Mwingine akasema, “Hicho ukipeleke kwenye baa, huko watakipenda.” Watu wakacheka. Nasi tunaoandika maneno haya tulicheka pamoja nao, tena si kwa sauti ndogo. Kijana alivifunga vijiti vyake katika kitambaa, akachukua pipa lake, akaaga, akaenda. Jumapili iliyofuata mahali pake kati ya waimbaji wa sauti ya tenori palikuwa patupu, na Jumapili ya pili vilevile.

Basi, wasomaji wapenzi, tangu siku ile twajiuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo. Je, yafaa kukihukumu kitu kwa kutazama kilikotoka? Na wimbo je? Una chombo chake na watu wake tu, hata chombo kingine na watu wengine wakatazwe kuugusa? Tumetaka kulifikiri swali hili pamoja nanyi kwa kufuata habari za kile chombo ambacho kijana wetu alijaribu kukiiga. Maana chombo hicho kipo kweli, kina jina, na kilikuwa kimekwisha kujibu mengi kabla sisi hatujacheka.

KILIKOTOKA

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Venezuela, kuna kisiwa cha Trinidad. Wengi wa wakaaji wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wa Wahindi walioletwa kulima miwa. Katika karne ya 19, utumwa ulipokwisha kukomeshwa, waliletwa pia Waafrika waliookolewa katika merikebu za watumwa, na kati yao walikuwamo watu wa Kongo. Watu hao walikuwa na ngoma zao. Lakini serikali ya Waingereza iliziogopa ngoma hizo, hasa baada ya ghasia za mwaka 1881 katika mji wa Port of Spain, na mwaka 1884 ikatoa sheria ya kuubana upigaji wa ngoma. Watu walipozuiwa ngoma za ngozi walikata mianzi, wakaitwanga chini na kuigonga kwa vijiti. Katika miaka ya 1930 wakaanza kupiga bati: makopo ya rangi, mikebe ya biskuti, hata mapipa ya takataka.

Mtu apigaye kopo siku nyingi huona jambo: mahali palipobonyea hutoa sauti nyingine kuliko mahali palipo sawa. Vijana wa mitaa maskini ya Port of Spain waliliona jambo hilo, wala hawakuliacha lipite. Wakabonyeza kwa makusudi, wakapata sauti mbili, tatu, nne. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha huko Ulaya mwaka 1945, walitoka barabarani na makopo yao kushangilia. Kisiwa kile kina mafuta ya petroli, na mapipa matupu yalikuwa tele. Basi muda mfupi baada ya vita, fundi Ellie Mannette na wenzake walichukua pipa kubwa la lita 200 hivi badala ya kopo, wakakizamisha kitako chake kama bakuli. Chombo hicho wenyewe hukiita pani.

Msidhani kwamba walisifiwa. Watu wa heshima waliwaita wahuni. Polisi waliwafukuza na kuwanyang'anya vyombo vyao. Wazazi waliwakataza watoto wao, hasa mabinti, kuukaribia uwanja wa pani. Tena tuseme kweli: vikundi vyenyewe vilipigana barabarani, na watu wakaumizwa. Waliowalaumu hawakusema uongo mtupu. Jambo hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

KAZI YA NYUNDO

Tueleze kidogo jinsi pani inavyofanyizwa, kwa kuwa ndani ya kazi hiyo mna fundisho. Fundi hukizamisha kitako cha pipa kwa nyundo nzito, pole pole, hata bati linyooke na kuwa jembamba bila kupasuka. Kisha hupima na kuchora mahali pa kila sauti, akapazungushia mfuo kwa kugonga patasi butu, ili kila sauti itengwe na jirani yake. Ndipo hukata ukuta wa pipa: kwa sauti nyembamba za juu huacha ukuta mfupi, kwa sauti nene za chini huliacha pipa zima. Halafu hulipitisha motoni ili bati likaze. Baada ya hayo yote huanza kazi iliyo kubwa kupita zote, ndiyo kuzipatanisha sauti kwa nyundo ndogo, akigonga mara juu mara chini ya bati, akinyamaza, akisikiliza, akigonga tena.

Kazi hii ni ngumu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sauti njema ya pani si sauti moja tu. Ndani yake husikika pia sauti nyingine za juu, kama ile ya oktava, nazo fundi hana budi kuzipatanisha, la sivyo chombo hulia kama sufuria. Ya pili, sauti zote hukaa katika bati moja. Ukiigonga hii, jirani yake huhama. Fundi akimaliza fa, huikuta sol imeharibika. Akiitengeneza sol, sharti arudi tena kwa fa. Hata pani iliyokwisha kukamilika, ikipigwa siku nyingi hulegea, ikarudishwa kwa fundi aisikilize upya.

Sasa tuangalie. Bati hilo ni lile lile lililobeba mafuta. Hakuna kitu cha thamani kilichotiwa ndani yake, si fedha wala shaba. Kilichoongezwa ni masikio, na subira, na mapigo ya nyundo yasiyohesabika. Basi mtu akituuliza tofauti ya pipa na pani ni nini, hatuwezi kumjibu kwa kutaja asili, maana asili yake ni moja. Twaweza kumjibu kwa kutaja kazi tu.

NYIMBO ZAKE

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni wingi wa nyimbo zinazopigwa kwa chombo hicho. Mmoja wa mafundi wa kwanza, Winston Simon, aliyeitwa na wenzake Spree, husimuliwa kwamba katika Karnivali ya mwaka 1946 alipiga pani yake mbele ya gavana. Ilikuwa na sauti chache tu. Alipiga nyimbo za mtaani za kalipso, akapiga wimbo wa Waingereza wa kumwombea mfalme wao, akapiga na Ave Maria ya Schubert. Watu waliotarajia kelele za makopo walisikia sala.

Mwaka 1951 vijana waliochaguliwa katika vikundi mbalimbali walipelekwa London kupiga kwenye maonyesho makubwa ya taifa la Uingereza. Kiongozi wao Joseph Griffith, mtu mzoefu wa bendi za polisi, aliwashurutisha kutengeneza pani zenye sauti zote 12 za ngazi ya muziki, asiwaruhusu kuridhika na sauti chache walizozizoea. Kati yao walikuwamo Mannette na Simon, na pia Anthony Williams, ambaye baadaye alizipanga sauti za pani ya juu mfano wa utando wa buibui, kila sauti ikikaa karibu na zile inazopatana nazo. Husimuliwa kwamba watu wa London walipoyaona yale mapipa yenye kutu walitabasamu kwa dharau, na waliposikia muziki wakanyamaza kwa mshangao. Tofauti yao na sisi ni hii moja: wao walingoja kusikia.

Tangu siku hizo pani imeendelea sana. Bendi kubwa ya Trinidad yaweza kuwa na wapigaji mia moja au zaidi, wengine wakipiga wimbo wenyewe kwa pani fupi, wengine wakijaza katikati, na mpiga besi akisimama kati ya mapipa mazima sita au zaidi, kila pipa likitoa sauti chache nene. Watu hao hupiga kalipso, hupiga nyimbo za Noeli na za dini, hupiga jazi, hupiga Bach, Handel, Mozart na Beethoven. Walikuwa hata na desturi ya kuchukua wimbo wa mtungaji mkuu wa Ulaya, wakaufanyia mazoezi usiku kwa siri, kisha wakautoa alfajiri ya Jumatatu ya Karnivali katika mwendo wa kalipso, ili bendi nyingine zishangae. Wimbo huo wa ghafula waliuita “bomu”. Mashindano yao makubwa yaitwayo Panorama yalianza mwaka 1963. Mwaka 1992 pani ilitangazwa kuwa chombo cha taifa, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliiwekea siku yake ulimwenguni kote, tarehe 11 Agosti. Hivyo kile kilichonyang'anywa na polisi kimepewa heshima na mataifa.

WATU WAWILI WASIORIDHIKA

Hata hivyo wako watu wa namna mbili wasiopendezwa na habari hii, nasi yatupasa kuwasikiliza wote wawili.

Wa kwanza husema: Watungaji wakubwa walitunga nyimbo zao kwa vinanda, kwa fidla, na kwa sauti za waimbaji waliofundishwa. Kuzipiga nyimbo hizo kwa pipa ni kuzishusha.

Wa pili husema: Wajukuu wa watumwa wana nyimbo zao wenyewe. Kwa nini wajisumbue na nyimbo za mabwana waliowatawala? Huko ni kujipendekeza, wala si muziki.

Watu hawa waonekana kupingana, lakini kwa kweli wanakaa nyumba moja. Wote wawili wanasadiki kwamba wimbo ni kama shamba la ukoo, lenye mipaka na mwenyewe, na mtu wa nje akiingia ni mwizi au mtumwa.

Kwa yule wa kwanza tutajibu hivi. Ile Ave Maria ya Schubert haikutungwa kwa ajili ya kanisa. Mwaka 1825 Schubert aliitunga kwa maneno ya shairi la mwandishi wa Skotilandi, Walter Scott, ambamo msichana aliye mkimbizi anamwomba Bikira Maria. Baadaye watu wakautia wimbo huo maneno ya Kilatini ya Salamu Maria, wakauimba kwenye arusi na mazishi. Wimbo wenyewe, basi, ulikwisha kuhama nyumba yake kabla haujafika Trinidad. Kama uliweza kutoka katika hadithi ya Skotilandi hata kuingia kanisani, nani amekata shauri kwamba hauwezi kukaa katika pipa? Neno la haki la kuuliza ni moja: je, umepigwa vema?

Kwa yule wa pili tutajibu hivi. Anayeiga kwa kulazimishwa ni mtumwa, twakubali. Lakini vijana wa Port of Spain hawakulazimishwa na mtu. Waliambiwa kinyume chake, kwamba mambo hayo si ya watu kama wao. Waliyachukua, wakayatia mwendo wao wenyewe, wala hawakuziacha kalipso zao. Kumwambia mtoto wa maskini apige nyimbo za mtaa wake tu kwaweza kuonekana kama heshima, lakini kwa kweli ni ua mwingine wa kumzungushia. Mtu huru ana nyimbo za mama yake, na tena ana ruhusa ya kuvuka mto.

HAPA KWETU

Mambo haya si mageni katika mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 pamoja na kazi ya shaba, nayo ilikusanya watu wa lugha nyingi, kila mmoja akija na nyimbo zake. Mwaka 1937 Padre Anschaire Lamoral, Mbenediktini, alianzisha hapa kwaya ya wavulana. Huko Paris kulikuwa na waimbaji wadogo waitwao wa Msalaba wa Mti. Hawa wa kwetu wakaitwa waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Tulitafakari jina hilo. Shaba ni madini ya ardhi yetu, na mababu waliimimina katika umbo la msalaba na kuitumia kama fedha zamani, kabla wamisionari hawajafika. Kitu kilichokuwa cha sokoni kikawa alama ya waimbaji wa kanisa, wala hakuna aliyesema kwamba shaba imesahau mahali pake.

Katika kazi ile alikuwamo Joseph Kiwele, mwalimu na mtungaji wa nyimbo. Aliujua muziki wa Ulaya, naye katika miaka ya 1950 alitunga Missa Katanga akifuata muziki wa watu wa kwetu. Mwaka 1958 ikasikika huko Kamina Missa Luba, kazi ya Padre Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake: maneno ya Kilatini, sauti za nchi hii, na ngoma. Imesikika ulimwenguni kote. Tukumbuke kwamba mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikuwa amekataza kanisani piano, na ngoma, na vyombo vingine vya kelele. Kwa hiyo kuileta ngoma karibu na maneno ya Misa halikuwa jambo la mchezo. Watu wale walilifanya kwa kazi nyingi na kwa masikio yaliyo macho.

Na mtu akisema kwamba kinanda kikubwa cha mabomba ndicho chombo cha kanisa tangu asili, tutamwomba asome historia yake. Zamani za Warumi chombo hicho kilipigwa kwenye viwanja vya michezo, pale watu walipouana ili wengine wafurahi. Wakristo wa kwanza hawakukitaka katika sala. Mwaka 757 mfalme mkuu wa Konstantinopoli alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha namna hiyo, nacho kilikuwa zawadi ya fahari ya kifalme, si ya altare. Ikapita miaka mingi sana hata kikazoeleka kanisani. Leo ndicho kilichopewa heshima ya kwanza, kama Mtaguso wa Vatikano ulivyosema mwaka 1963, huku ukiruhusu vyombo vingine vinavyofaa. Chombo chenye heshima kuu kina asili ya aibu kuliko pipa la mafuta, kwa maana pipa halikuwahi kupigiwa watu wanaokufa.

SI KILA KITU MAHALI POTE

Tusielewe vibaya. Hatusemi kila chombo kipigwe po pote, wala kila wimbo saa yo yote. Maagizo ya Roma ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu yasema kwamba vyombo ambavyo kwa fikira na desturi za watu vyafaa muziki wa dunia tu visitumiwe katika ibada. Agizo hilo lina hekima. Masikio hayako peke yake; yana kumbukumbu. Ikiwa sauti ya chombo fulani huwafanya watu wote wakumbuke pombe na ugomvi, sala yao itasumbuka, hata kama chuma chenyewe hakina dhambi.

Lakini tuangalie vema. Agizo lataja fikira na desturi za watu, halitaji chuma. Na desturi huweza kubadilika kwa haki. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, na siku hizi nani hapa Lubumbashi hushtuka akisikia ngoma kwenye Misa? Kwa hiyo swali la chombo haliishi siku moja. Sharti liulizwe tena, mahali kwa mahali: Je, sauti zake zimepatana? Je, kinawasaidia watu hawa, saa hii, kwa jambo hili? Maswali hayo ni ya haki, na jibu laweza kuwa hapana. Lakini hayajibiwi ila kwa kusikiliza. Kicheko hakijibu hata moja.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Siku ile ya mazoezi tulisikia kidogo, na kidogo hicho kilitosha kutuonyesha kwamba ile fa ya kijana wetu haikukaa sawa. Ilikuwa kweli. Tulikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Tungeweza kumwambia, “Fa yako haijakaa sawa.” Au tungeweza kumwambia, “Hilo ni pipa.” Tulichagua la pili.

Tazameni tofauti. Neno la kwanza lataja kosa, na kosa laweza kurekebishwa. Amwambiaye mwenzake kosa lake amemheshimu, maana amesadiki kwamba aweza kulisahihisha. Neno la pili halitaji kosa lo lote. Kuwa pipa si kosa, wala hakuna nyundo iwezayo kulisahihisha. Neno hilo lafunga mlango tu, na lafunga bila kuonekana baya, kwa sababu ni la kweli: lilikuwa pipa. Wako watu wengi walioumizwa kwa maneno ya kweli ya namna hiyo. Kuwaambia vijana wa Port of Spain, “Acheni kupigana,” kulikuwa haki. Kuwaambia, “Ninyi ni wahuni,” kulikuwa jambo jingine. Ugomvi wa vikundi ulipungua kadiri miaka ilivyopita. Lakini pani haikuacha kuwa bati la pipa, wala haikuhitaji kuacha.

Tukitembea katika mji wetu tutalisikia neno hilo la pili kila siku. Yule ni mchimbaji tu. Yule ni mtoto wa barabarani. Yule wazazi wake hawakusoma. Hayo yote yaweza kuwa kweli, wala hakuna hata moja lililo kosa lake. Na makosa yake halisi, yale ambayo tungeweza kumsaidia, hatuyafikii, kwa kuwa tumekwisha kucheka na kugeuka. Wahenga walisema kwamba asiyekujua hakuthamini. Twaongeza: na asiyekusikiliza hatakujua.

KATIKA KILIO

Miezi kadhaa ilipita. Usiku mmoja tulikwenda kwenye kilio huko Katuba. Karibu na usiku wa manane, wamama walipokuwa wamechoka kuimba, tukasikia upande wa moto sauti ndogo nyororo, na wimbo ulikuwa wa Bikira Maria, ule tunaouimba sisi wote tangu utoto. Alikuwa yule kijana, amekaa juu ya tofali, pipa lake likiwa mbele yake, akiligusa kwa vijiti taratibu kama mtu anayebisha hodi penye mgonjwa. Wamama wakaamka wakaimba naye. Kila alipofika kwenye fa, sauti ilipotoka kidogo, nao wakaifunika kwa sauti zao, pasipo kupanga. Hakuna mtu aliyesema habari za pipa. Wenye msiba walilia kwa utulivu. Sisi tulitazama chini.

Juma lililofuata tulimwendea kazini kwake, kwenye kibanda cha kulehemu, tukamwomba radhi kwa kucheka kwetu. Alifuta mikono akatujibu: “Baba, mimi nilijua kwamba fa ni mbaya. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kuisikia.”

Hajarudi katika kwaya, nasi hatukumshurutisha. Lakini kila Alhamisi jioni mpiga kinanda wetu humpelekea kinanda kidogo, akambonyezea sauti iliyo sahihi, na kijana hugonga, husikiliza, hugonga tena. Wametuambia kwamba fa sasa imekaa, ila sol imehama. Juu ya kuingia kwa chombo hicho kanisani, halijakatwa shauri. Padri ameulizwa, akajibu kwamba kwanza atakuja kusikiliza.

Ndilo jibu tulilopaswa kulitoa sisi siku ile ya kwanza.